Muziki wa Kigogo: Mzigo mmoja, wenye mali watatu

WAKATI macho ya wafanyabiashara wengi wa Mlali, wilayani Kongwa, yakiwa kwenye bei ya mahindi na alizeti katika soko la Kibaigwa, ipo bidhaa nyingine inayouzwa mkoani Dodoma kila siku bila mizani wala risiti. Ni nyimbo. Mwenye kibanda cha kuchaji simu na kompyuta moja humrushia mteja nyimbo kwenye memori kadi, Bongo Fleva, kwaya na ngoma za Kigogo zikiwa zimechanganywa pamoja, akalipwa palepale.

Biashara hiyo haihitaji mtaji mkubwa, na mzigo wake hauozi wala hauliwi na panya. Hatua inayofuata ni rahisi kuiona: kukusanya rekodi za zamani za zeze, ilimba na muheme, kuziingiza kwenye kompyuta na kuziuza kwa njia ya intaneti ndani na nje ya nchi. Wazo si baya. Shida ni kwamba gunia la mahindi likifika Kibaigwa lina mwenyewe mmoja anayejulikana, lakini rekodi moja ya ngoma inaweza kuwa na wenyewe watatu: aliyerekodi, waliopiga na kuimba, na jamii ambayo wimbo huo ni wa asili yake.

Sheria inayohusika ni ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, iliyochukua nafasi ya ile ya 1966. Mtunzi hulindwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Rekodi ya sauti nayo ina miaka yake 50. Lakini sheria hiyo ina sehemu maalumu ya sanaa za jadi, na huko hakuna miaka ya kuhesabu. Anayezitumia kwa faida na nje ya mazingira yake ya kimila anatakiwa kuomba kibali kwa mamlaka ya serikali, na chapisho lake litaje jamii au mahali sanaa hiyo ilikotoka. Kina mama wakipiga muheme kwenye sherehe ya jando kijijini hawadaiwi kitu na mtu. Anayewarekodi akauza ndiye anayedaiwa.

Rekodi za 1950

Chukua mfano wa Hugh Tracey. Mwaka 1950 mtafiti huyo alizunguka Tanganyika na mashine yake akirekodi muziki wa makabila mbalimbali, Wagogo wakiwamo. Mwaka 1954 alianzisha maktaba ya kimataifa ya muziki wa Afrika, ILAM, ambayo leo iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Kampuni ya SWP Records ya Uholanzi ilizitoa upya baadhi ya rekodi hizo kwenye CD.

Kwa hesabu ya miaka 50, rekodi ya 1950 ilifikia mwisho wake 2000. Mfanyabiashara anaweza kudhani basi ni mali ya kuokota. Si hivyo. Kwanza, nakala iliyosafishwa na kampuni ya nje inaweza kuwa na ulinzi wake katika nchi ya kampuni hiyo, na ni huko huko mteja wa intaneti aliko. Pili, wimbo wenyewe bado ni sanaa ya jadi. Mpiga zeze aliyesimama mbele ya mashine ya Tracey hana tena dai lolote, kijiji chake kinalo.

Kanda za Radio Tanzania zina ugumu wa aina nyingine. Kwa miaka mingi studio yake ya Dar es Salaam ndiyo ilikuwa tegemeo la bendi za nchi nzima, na mafundi wake walikwenda vijijini kurekodi ngoma. Mradi wa Tanzania Heritage Project, uliotaka kuzihamishia kwenye kompyuta mwanzoni mwa miaka ya 2010, ulikadiria kuwa ni zaidi ya saa 100,000 za muziki na hotuba. Kanda ni za TBC, lakini tungo ni za watunzi na warithi wao, waliotawanyika kila mkoa. Atakayeweka fedha zake hapo ajue kuwa gharama kubwa si ya mashine, ni ya kuwatafuta watu.

Kenya imetangulia hatua mbili. Mwaka 2014 ILAM na Ketebul Music ya Nairobi zilianza kurudisha nakala za rekodi za Tracey kwa jamii zilikotoka, na mwaka 2016 nchi hiyo ikapitisha sheria mahsusi ya kulinda maarifa na sanaa za jadi.

Penye mkataba

Kazi mpya ina hesabu nyepesi. Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo aliyefariki Desemba 2003, alitoa kazi zake na Real World Records ya Uingereza, na mwaka 2024 wanawake wa ukoo wake, The Zawose Queens, wakatoa albamu ya Maisha kwa kampuni hiyo hiyo. Penye jina na mkataba, mrabaha una pa kwenda.

Kwa mwenye mtaji mdogo wa Mlali, kurekodi upya kikundi cha muheme kilicho hai kuna nafuu kuliko kununua kanda ya zamani isiyo na jina. Karatasi itaje waimbaji wote, si kiongozi peke yake, na mgawo wa kila mmoja. Kijiji kitajwe, kibali cha sanaa za jadi kiombwe, na kazi isajiliwe COSOTA, ambayo tangu marekebisho ya 2022 imebaki msimamizi huku ukusanyaji wa mirabaha ukihamishiwa kwa kampuni za wasanii wenyewe.

Mwenye kibanda bado yuko nje ya hesabu hii. Stempu za TRA zilizoanza mwaka 2013 zilikuwa za kubandikwa kwenye CD na DVD, na memori kadi haina pa kubandika.