Nani Anasema Matunzo ni ya Lazima?

Sisi watu wa migodi tunajua lile neno la kuvunja moyo: «Munganga ameandika, lakini biro imekatala.» Karatasi inasema mama apasuliwe, ao mtoto apigwe skaneri. Wenye kulipa wanajibu kwamba hapana lazima. Mgonjwa anabaki katikati, na ugonjwa haumungojei.

Huko Marekani shida hii ni ya kila siku, sababu watu wengi wanatunzwa kwa asiransi inayopitia kazini. Mbele ya kulipa, asiransi inapima kama matunzo ni ya lazima kweli. Siku hizi kompyuta nayo imeingia katika kupima kule. Ndiyo maana jimbo la California lilitunga sheria SB 1120. Gavana Gavin Newsom aliitia sahihi mwezi wa Septemba 2024, na ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 2025.

Inaomba nini? Mashini inaweza kusaidia kazi, lakini haina ruhusa ya kukatalia mgonjwa matunzo. Anayekata neno ni munganga mwenye ruhusa ya Leta, anayejua ugonjwa ule, na aliyeangalia hali ya mgonjwa yule mwenyewe. Siku pia zinahesabiwa: 5 za kazi kwa mambo ya kawaida, saa 72 kama kuko hatari. Wakikatala, wanaandika sababu. Mgonjwa asiporidhika, anaweza kufikisha shauri kwa Leta, na wanganga wasio wa asiransi ile wanaliangalia upya. Yeye halipi kitu. Wakimupa haki, asiransi inatii.

Kwetu, sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inaamuru mwajiri atunze mfanyakazi na jamaa yake: munganga, dawa, lopitali. Na kompani zingine zinapitisha matunzo yale kwa asiransi. Basi ulizo la California ni letu pia: nani anakatala, na kwa sababu gani?

Kwa hiyo, bandugu na bamama, siku mukiambiwa «hapana lazima», musirudi nyumbani mikono mitupu. Muombe mambo matatu: sababu kwa maandishi, jina la munganga aliyekata neno, na tarehe. Kisha mupeleke ile karatasi kwa delege wa sendika. Neno la mdomo linapotea njiani, karatasi inabaki.