Kambi ya Ziwani Huanzia Darasani

Kila likizo inapokaribia, shule na vyuo vya Nairobi huingiwa na hamu ya kutoka. Kuanzia katikati ya jiji hadi Westlands, Kangemi, Kawangware na Kikuyu, vyama vya wanafunzi, vikundi vya skauti na vya mazingira huketi kupanga safari, na mojawapo ya zile zipendwazo sana ni ya kwenda kulala mahemani kando ya Ziwa Naivasha. Sababu si ngumu kuona. Ziwa lenyewe lipo kilomita 90 hivi kutoka jijini, nauli yake haitoboi mfuko kama ile ya Mombasa, na kando ya barabara ya kusini mwa ziwa viwanja vya kambi vimepangana chini ya migunga mirefu.

Hata hivyo, ukichunguza jinsi safari hizi zinavyotayarishwa, utaona kwamba aghalabu kinachoitwa mpango ni karatasi moja tu ambayo mwanafunzi huipeleka nyumbani: siku ya kuondoka, kiasi cha fedha na siku ya mwisho ya kulipa. Mwanafunzi mwenyewe hakuulizwa lolote wala hakuandika lolote. Hupakiwa kama mzigo, akatuliwa, akapakiwa tena. Nionavyo mimi, hapo ndipo tunapopoteza nusu ya faida ya safari, na hapo ndipo tunapoanza kuuchezea usalama wake. Kambi ya ziwani haina budi kupangwa na wale watakaolala humo, mwalimu akiwa kiongozi wao, na kupanga kwenyewe kukawa somo.

Somo hilo lianze na jina. Kwa kuwa kazi yangu ni isimu, huenda nikashukiwa kwamba navutia kamba upande wangu, lakini majina ya mahali ni maarifa ya wenyeji yaliyowekwa akiba. Jina Naivasha latokana na neno la Kimaasai, Nai'posha, ambalo maana yake ni maji yenye kuchafuka kwa mawimbi. Wafugaji walionywesha ng'ombe wao hapo kwa vizazi vingi hawakulipa ziwa jina la kulisifu. Walilipa jina la kuonya. Asubuhi maji hutulia kama mafuta kwenye sahani. Alasiri upepo huvuma, na ziwa likabadilika sura kwa muda mfupi. Mwanafunzi aliyelijua hilo kabla ya kuondoka hataandika katika ratiba yake "saa tisa alasiri: kupanda mashua". Ataiandika safari ya majini asubuhi, na mbele yake ataandika "kila mtu na jaketi lake la kuelea". Wahenga walisema kuwa maji usiyoyafika hujui wingi wake. Jina la ziwa hutusaidia kuujua wingi huo tungali Nairobi.

Somo la pili ni la jiografia, nalo huwashangaza wengi. Watu husikia habari za kuteremka Bonde la Ufa, wakadhani kwamba wanateremkia joto. Kumbe Naivasha ipo takriban meta 1,880 juu ya usawa wa bahari, yaani juu zaidi kuliko katikati ya jiji la Nairobi! Mchana jua huchoma, lakini usiku baridi hupenya turubai na blanketi jepesi. Kwa hivyo sweta iandikwe katika orodha kabla ya kamera. Wala hapana haja ya kumtoza mzazi bei ya dukani ilhali mitumba ya Gikomba na Toi ipo.

Kisha ije njia. Mpe mwanafunzi ramani, umwambie aeleze kwa sentensi zake basi litakavyokwenda. Ataondoka jijini kwa barabara ya Waiyaki, apite Kangemi, Uthiru na Kikuyu, afike Rironi ambako njia hugawanyika. Moja hupitia Limuru na kufuata nyanda za juu. Nyingine huteremka ukingo wa Bonde la Ufa hadi Mai Mahiu, ikipita kanisa dogo lililojengwa mwaka 1942 na mateka wa vita wa Kiitaliano. Achague moja na kutoa sababu zake. Katika sababu hizo asisahau majira. Alfajiri ya Aprili 29, 2024, wakati wa masika, maji yaliporomoka karibu na Mai Mahiu, yakazoa nyumba na kuua makumi ya watu. Likizo ya Aprili huangukia katika mvua nyingi, na hilo pekee latosha kuifanya darasa ijadili kama safari isingefaa kungojea Agosti.

Mvua hiyohiyo ina funzo jingine kwa wanaopenda kuunganisha kambi ya ziwani na matembezi katika mbuga ya Hell's Gate, iliyo karibu. Mbuga hiyo hupendwa na wanafunzi kwa sababu mtu huruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli. Lakini mnamo Aprili 2012 mafuriko ya ghafla katika korongo lake yaliwaua vijana 7 wa kundi la kanisa, na mnamo Septemba 2019 korongo hilo likaua tena wageni waliokuwa ndani yake. Mvua hunyesha mbali, juu milimani, maji yakakusanyika na kuingia katika mpenyo mwembamba wenye kuta ndefu, ilhali aliyemo ndani huenda anaona anga nyeupe juu ya kichwa chake. Mambo haya hayaelezwi ili kuwatisha watoto. Huelezwa ili ajuaye aulize kwanza mvua imenyesha wapi, na akiambiwa na askari wa mbuga asishuke, asione kuwa amenyimwa starehe.

Tukifika kambini tunakutana na mwenyeji halisi wa ziwa, naye ni kiboko. Mchana hukaa majini. Jioni hutoka kutafuta majani, na majani mafupi, mororo ya kiwanja cha kambi humvutia. Ana mwili mzito lakini humshinda binadamu mbio, na hatari kubwa humfika yule anayesimama kati yake na maji. Basi wakati wa kukodi kiwanja, maswali yaandikwe na kuulizwa: Je, upo uzio kati ya mahema na ziwa? Unafanya kazi usiku kucha? Ziwa limepanda hadi wapi? Swali hili la mwisho si la bure, maana maji ya Naivasha yameongezeka sana katika miaka ya karibuni. Mwaka 2020 yaliingia katika makazi ya watu, wakahama. Kiwanja kilichokuwa kikavu mwalimu alipokizuru zamani huenda leo ni makao ya kambare. Vyoo navyo viwe ndani ya uzio, na zamu za usiku ziandikwe kwa majina, wawili wawili, pamoja na mtu mzima.

Kuhusu fedha, Kiswahili kina neno zuri ambalo limeanza kusahauliwa: masurufu, yaani fedha na vyakula vya safari. Wanafunzi na wapige hesabu ya masurufu wao wenyewe: unga, maharagwe, sukuma wiki ya soko la Kangemi, gesi ya kupikia ili wasikate miti ya watu, maji safi ya kunywa, kodi ya mahema, ada ya kiwanja, basi. Wakishapiga hesabu hiyo watagundua jambo ambalo karatasi ya mwalimu haiwaambii, kwamba kitu fulani kikiachwa, mwenzao mmoja zaidi ataweza kwenda. Nimepata kuona safari ambapo fedha zilizotumiwa kwa fulana zenye nembo zingetosha kuwapeleka watoto waliobaki nyumbani kwa kukosa ada. Darasa lililopiga hesabu lenyewe haliwezi kulifumbia macho jambo kama hilo.

Mahema nayo yasimamishwe kwanza katika uwanja wa shule, alasiri moja kabla ya safari. Hapo ndipo itakapojulikana kwamba vigingi vimepungua au kwamba zipu imekatika. Hema bovu Kangemi ni kichekesho. Hema hilohilo Naivasha, usiku, upepo ukivuma, ni balaa.

Limebaki neno moja ambalo ningependa kila mwanafunzi arudi nalo. Kiswahili cha kale cha pwani huita mahali pa kupiga kambi ago, kwa wingi maago. Misafara iliyokwenda bara na kurudi iliyajua maago yake, nayo ikatuachia methali isiyo na haya: ago halinyewi, huenda ukauya papo. Kuuya ni kurudi. Usichafue mahali ulipolala, kwani huenda njia ikakurudisha hapohapo. Ziwa Naivasha, ambalo mwaka 1995 liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, lina taabu zake za kutosha. Gugumaji limelivamia, mashamba ya maua hunyonya maji yake, na taka za mji huteremkia humo. Mifuko na chupa za wanafunzi wa Nairobi zisiongezwe juu yake. Kila kilichokwenda na basi kirudi na basi.

Walimu wenzangu watauliza: tukiwaachia wanafunzi yote haya, sisi tubaki na nini? Tutabaki na jambo lisilokabidhiwa mtu, nalo ni neno la kuahirisha. Ratiba iwe ya wanafunzi, hesabu iwe yao, orodha iwe yao. Lakini mvua ikizidi, dereva akichelewa hadi giza likaribie, au uzio ukikutwa umekatika, mwalimu aseme "hatwendi" au "twarudi", na asiogope manung'uniko wala fedha zilizokwisha kulipwa. Na darasa lililojipangia safari lenyewe litalielewa neno hilo, kwa kuwa linajua limetoka wapi.

Muhula huu, basi, kabla ya kuchapisha karatasi ya ada, mwalimu na aandike ubaoni jina la ziwa, awaulize wanafunzi wake maana yake. Mengine yote yatafuata.