KUKEREZA AU KUCHONGA?

Tuseme fundi seremala wa Tunduma, mji wa mpakani katika Mkoa wa Songwe, anatengeneza kibao cha sikukuu chenye maneno "Heri ya Mwaka Mpya" kwa mashine inayoongozwa na kompyuta. Kwanza herufi huchorwa katika kompyuta. Kisha ubao wa mninga hubanwa imara juu ya meza, na kisu kizungukacho kwa kasi husogea kulia na kushoto, mbele na nyuma, juu na chini, kikifuata mchoro ule.

Je, mashine hiyo tuiite ya kukereza? La hasha. Katika kukereza, kama zifanywavyo nguzo za kitanda, mti ndio uzungukao, na patasi huegemezwa kando yake. Keekee nayo huzunguka, lakini kazi yake ni kutoboa. Hapa ubao umetulia. Kisu ndicho kizungukacho na kutembea. Kwa hiyo twapendekeza "mashine ya kuchongea kwa kompyuta".

Tofauti hii si ndogo. Mwanafunzi akisoma kwamba ubao ndio uzungukao, hataona haja ya kuubana, wala hatajua mkono wake ukae mbali na nini.

Aidha, mtafsiri asichanganye sikukuu na likizo, ijapokuwa Kiingereza huweza kutumia neno moja kwa yote mawili. Kibao cha likizo mlangoni kingewarudisha wateja nyumbani.

Wasomaji wenye istilahi bora zaidi twawaomba watuandikie.