Kubadilisha Valvu ya Moyo: Kwa Nini Tusisubiri

Kila tunapoombwa kuchangia upasuaji wa moyo huja swali moja: mgonjwa akishawekewa valvu mpya, atapona kabisa? Jibu hutegemea sana hali ya moyo wake siku anapoingia chumba cha upasuaji.

Damu inayokwenda mwilini hutoka chemba ya chini ya kushoto na kupita kwenye valvu ya aota. Njia hiyo ikiwa nyembamba, moyo hulazimika kusukuma kwa nguvu kupita kiasi. Mwanzoni msuli hunenepa, na mgonjwa anaendelea kulima na kuchota maji kama kawaida. Hapo ndipo wengi tunadanganyika. Kadiri muda unavyopita msuli huo hukakamaa na kupata makovu. Kisha chemba ya juu ya kushoto hutanuka, presha hupanda katika mishipa ya mapafu, na mwishowe upande wa kulia nao huchoka. Miguu huvimba na tumbo hujaa maji.

Mwaka 2017 Dkt. Philippe Généreux na wenzake walichapisha utafiti wa wagonjwa 1,661 waliobadilishiwa valvu hiyo, wakiwapanga kwa kufuata hatua hizo za madhara. Kati ya wale ambao moyo ulikuwa bado haujadhurika, asilimia 4.4 walifariki ndani ya mwaka mmoja. Kati ya wale ambao upande wa kulia ulikuwa umeshachoka, ni asilimia 24.5. Wote walipata valvu mpya! Hao walikuwa wazee wa nchi tajiri, hivyo takwimu hizo zisichukuliwe kuwa utabiri kwa vijana wetu, lakini funzo kuhusu kuchelewa linatuhusu.

Kwa wazee, valvu huharibika hasa kwa kujaa chokaa. Kwetu wapo pia vijana walioharibiwa valvu, mara nyingi zaidi ya moja, na homa ya rumatiki iliyotokana na maambukizi ya koo yasiyotibiwa utotoni.

Kwa hiyo mtu anayeishiwa pumzi akipanda kilima, anayebanwa kifua au kuzimia akiwa kazini, apelekwe mapema kwenye kipimo cha eko. Valvu ikiwa imebana sana na dalili hizo zimeanza, bila upasuaji wengi huishi miaka michache tu. Hapa Tanzania, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ilianza kazi mwaka 2015 pale Muhimbili, na upasuaji wa valvu hufanyika huko. Zamani wagonjwa wengi walipelekwa India.

Jambo ambalo harambee nyingi husahau ni gharama za baadaye. Valvu ya kiwandani hudumu muda mrefu, lakini mgonjwa atameza warfarini maisha yake yote na kupimwa damu mara kwa mara. Akiacha dawa, damu huweza kuganda kwenye valvu au kuleta kiharusi. Ikizidi, hutokwa damu. Valvu ya tishu ya ng'ombe au nguruwe kwa kawaida haihitaji dawa hiyo maisha yote, ila huchakaa, na kwa kijana huchakaa mapema zaidi. Binti anayetarajia kuzaa azungumze na daktari kabla ya kuchagua, kwani warfarini huweza kumdhuru mtoto tumboni. Aliyeugua homa ya rumatiki kwa kawaida huendelea pia na sindano ya penisilini kila baada ya wiki 3 au 4.

Tunaomba kamati ziandike nauli ya kliniki, dawa na vipimo hivyo kwenye fomu ileile ya maombi, kabla mgonjwa hajasafiri.