Kasomeno: nyumba inaanzia mu karatasi, hapana mu matofari

Mutu akitoka Lubumbashi na barabara ya taifa namba 5, anafika ku njia panda ya Kasomeno. Njia moja inaendelea kaskazini, upande wa Pweto. Ingine inashuka Kasenga, ku muto Luapula. Wazee wanaijua kama njia ya samaki: samaki ya Kasenga ndiyo ililisha kambi za Union Minière miaka mingi. Leo jina la Kasomeno linasikika juu ya jambo lingine: barabara ya kulipia ya Kasomeno–Kasenga–Chalwe, pamoja na daraja ya zaidi ya mita 300 juu ya Luapula, inayoungana na Kabila na Mwenda kule Zambia. Inatazamiwa kwamba malori ya shaba yatapata safari fupi zaidi ya kwenda bandari ya Dar es Salaam.

Barabara kubwa ikitangazwa, parseli za kandokando zinaanza kutafutwa. Na mu wale wanaozitafuta, mufanyakazi wa mine hakosi. Tunajua sababu. Nyumba ya kampuni si yako. Siku kazi inaisha, unatoka na hesabu yako ya mwisho, na watoto wanauliza: tutalala wapi? Mwaka 2003 na 2004, watumishi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walitoka mu ile operesheni ya kuondoka kwa hiari. Kila mumoja alipewa feza mara moja tu. Mwenye kujenga vizuri, nyumba inamusimamia mupaka leo. Mwenye kujenga ovyo, feza ilikwisha na ukuta ulipasuka.

Mazungumzo ya kupatana na fundi yanafanana kila mahali:

— Fundi, plani iko wapi?

— Muzee, plani iko mu kichwa. Mie najenga tangu zamani.

— Na kichwa yako ikienda Kolwezi kutafuta kazi ingine, mie nitauliza nani?

Wengi wanacheka, wanatoa avansi, matofari yanapandishwa. Lakini swali la yule muzee ni la maana kuliko avansi yenyewe.

Mutu wa mine angepashwa kulisikia zaidi ya wote. Kipushi, shimo linashuka zaidi ya mita 1,000. Hakuna anayesukuma galeri kule chini bila plani ya topografe. Bosi wa posti akisema «galeri iko mu kichwa», nani atashuka naye? Kila posti iko na kitabu chake: nani aliingia, nini kilifanyika, wapi jiwe linalia. Basi mbona mutu yule yule, akipanda juu, analaza watoto wake mu nyumba isiyo na hata karatasi moja?

Plani ya kujengea si ile picha ya rangi inayoonyesha nyumba na maua mbele. Ile ni ya kupendeza macho. Plani ya kujengea inajibu maswali ya fundi moja kwa moja. Musingi unashuka santimetre ngapi, na una upana gani? Nguzo iko na fero ngapi, za milimetre 10 ao 12? Nafasi gani kati ya kamba za fero? Betoni ni ya namna gani? Kwa kawaida wanahesabu kilo 350 za simenti mu metre kibe moja, ni kusema mifuko 7 ya kilo 50. Fundi akitia mifuko 4, bila karatasi utamuonyesha nini? Inaonyesha tena manjanja yanafungwa ku ukuta ginsi gani, maji ya mvua yanapita wapi, shimo la choo liko mbali gani na kisima.

Mu udongo wetu iko jambo moja la kuangalia sana: kichuguu. Udongo wa kichuguu ni muzuri kwa matofari ya kuchoma, kila mutu anajua. Lakini kichuguu kikubwa kikisawazishwa, halafu nyumba ikikaa nusu juu yake na nusu juu ya udongo wa asili, zile nusu mbili hazishuki sawasawa. Mvua ya kwanza ya mwezi wa 11 inaingia chini, na ufa unatokea ku kona ya dirisha. Plani ya kiwanja, ile inayoonyesha kichuguu kilikuwa wapi, ingemuambia fundi asogeze nyumba ao ashushe musingi zaidi.

Na tusisahau tetemeko. Barabara hii ikifuatwa kaskazini inaelekea Kalemie. Tarehe 5 desemba 2005, tetemeko la magnitudi 6.8 lilipiga Ziwa Tanganyika, na nyumba zilianguka Kalemie. Mukaba wa betoni na fero unaozunguka kuta zote juu ya madirisha, ule mafundi wanaita shenaji, unasaidia kuta zisiachane. Ukiandikwa mu plani na mu devi, unanunuliwa. Usipoandikwa, feza yake inakulwa ku njia.

Sheria inasema nini? Amri ya waziri ya tarehe 26 juni 2013 inaomba permi ya kujenga mbele ya kuanza kazi. Ku dosiye wanaangalia haki yako ya udongo na plani ya nyumba. Na hapa Kasomeno mitego iko miwili. Wa kwanza: sheria ya tarehe 20 julai 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali, na haki ya mutu inathibitishwa na sertifika ya kuandikisha. Karatasi ya chifu ni heshima na ni mwanzo, lakini si sertifika. Mutu anayesimama ku karatasi ya chifu tu amesimama ku muguu moja.

Wa pili ni barabara yenyewe. Msalaba mwekundu ku ukuta, tumeuona mu miji mingi. Katiba ya 2006, ku artikle 34, inasema hakuna mutu anayenyanganywa mali yake isipokuwa kwa faida ya watu wote, na mbele ya hapo alipwe kwa haki. Muzuri sana. Lakini atalipwa kiasi gani? Nyumba ikisha kubomolewa haiwezi tena kusema ilikuwa na vyumba vinne na musingi wa betoni. Dosiye ndiyo itasema. Mwenye sertifika, permi, plani na risiti za simenti anaongea na namba. Mwenye mikono mitupu anaongea na machozi.

Iko na sheria ingine watu wachache wanajua. Amri ya tarehe 30 julai 1888 juu ya mapatano inasema kama jengo linaanguka juu ya ubaya wa ujenzi, hata juu ya ubaya wa udongo, arkitekti na mujenzi wanajibu kwa muda wa miaka 10. Lakini bila kontra iliyotiwa sahihi na bila plani, nani atajibu? Yule wa kichwa iko Kolwezi.

Tunajua yale watu watasema: «Ku biro banaomba feza kila mulango. Arkitekti ni wa batajiri.» Si uongo kwamba dosiye inachelewa, na wengine wanaomba feza bila risiti. Usilipe bila risiti. Na kama mufuko ni mudogo, jenga vyumba viwili vyenye plani kuliko sita visivyo nayo. Chumba cha tatu kitaongezwa mwaka unaofuata, plani ile ile ikionyesha mahali pake.

Tena iko mambo yasiyoomba feza nyingi. Nunua daftari, andika kila siku: mifuko mingapi imetumika, nani alifanya kazi. Mbele ya kumwanga betoni, piga picha ya fero na telefone. Kama mulango umehamishwa, chora ku plani pale pale, fundi atie sahihi. Kazi ikiisha, plani iwe sawa na nyumba inayosimama, hapana ile iliyofikiriwa mwanzoni. Kiisha fanya kopi mbili: moja ibaki nyumbani, ingine kwa ndugu wa kuaminika mu muji mwingine.

Na mama wa nyumba ajue dosiye iko wapi. Mara nyingi baba anafungia karatasi mu sanduku, ufunguo anaenda nao ku mine. Siku mambo yanaharibika, ni mama atakayesimama mbele ya komisio, mbele ya wandugu wa bwana, mbele ya masini ya kubomoa. Asisimame pale na ufunguo uliopotea.