Drepanositozi: Namna labo zinavyopima nguvu ya proteini inayozima jeni

DRC ni kati ya nchi tatu za dunia ambako watoto wengi zaidi huzaliwa na drepanositozi, ugonjwa ambao familia nyingi huuita SS. Hata hivyo, katika miezi ya kwanza ya maisha, mtoto mwenye SS kwa kawaida haonyeshi dalili. Sababu iko katika herufi chache za ADN.

Mtoto akiwa tumboni, damu yake hutumia hemoglobini ya aina nyingine, isiyopinda chembe nyekundu. Baada ya kuzaliwa, jeni ya hemoglobini hiyo huzimwa, na ile ya watu wazima, yenye kasoro, huchukua nafasi yake. Mwaka 2008, watafiti wa Boston, Marekani, akiwemo Vijay Sankaran na Stuart Orkin, walionyesha kwamba proteini iitwayo BCL11A ndiyo inayosaidia kuizima.

Lakini proteini hiyo inashika ADN wapi, na kwa nguvu gani? Njia moja ya kupima ni hii: kipande cha ADN kilichotiwa alama huchanganywa na proteini, kisha hupitishwa katika jeli kwa nguvu ya umeme. ADN iliyo peke yake hukimbia. Iliyoshikwa na proteini hukawia, kama mtu aliyebeba mzigo. Kisha proteini huongezwa kidogo kidogo mpaka nusu ya ADN iwe imeshikwa. Ikihitajika kidogo tu, mshiko ni wa nguvu. Ikihitajika nyingi, mshiko umelegea.

Mwaka 2018, watafiti walionyesha kwamba BCL11A hushika herufi TGACCA, karibu herufi 115 kabla ya mwanzo wa jeni hiyo. Herufi moja ikibadilika hapo, mshiko unaweza kulegea sana. Kuna watu waliozaliwa na badiliko kama hilo: wanabaki na hemoglobini ya tumboni katika utu uzima, na wanaishi vizuri.

Ujuzi juu ya BCL11A ulizaa Casgevy, tiba iliyokubaliwa Uingereza mwezi Novemba 2023 na Marekani mwezi Desemba. Chembe za uboho za mgonjwa hukatwa ADN mahali ambapo proteini nyingine, GATA1, hushika ili kuwasha jeni ya BCL11A. Mshiko ukivunjika, BCL11A hupungua na hemoglobini ya tumboni hurudi.

Lakini bei yake Marekani ni dola milioni 2.2, na mgonjwa hupewa kwanza dawa kali za kuondoa uboho wa zamani. Kwa familia za Goma, Bukavu au Kisangani, dawa iliyo karibu zaidi inabaki hidroksiurea, ambayo nayo hupandisha hemoglobini ya tumboni kwa wagonjwa wengi, chini ya uangalizi wa muganga.

Kwa hiyo watafiti wanatafuta sasa kidonge cha kupunguza BCL11A mwilini. Kikipatikana, mgonjwa hatahitaji kubadilishiwa uboho.