Ukali wa Mgonjwa Hupimwa, Haukisiwi

Mzazi wa Butembo au Beni ambaye mwanawe amenaswa na heroini, au na vidonge vya jamii ya afyuni kama tramadoli, mara nyingi huona haya kumpeleka hospitalini. "Ni mkali," majirani husema, "atawapiga waganga." Neno hilo humfungia mgonjwa mlango. Basi tuulize: ukali huo nani ameupima?

Homa kali hatuikisii kwa macho; twatumia kipimajoto. Hasira nayo ina kipimo. Mwaka 1992 wataalamu wawili wa Marekani, Arnold Buss na Mark Perry, walitoa orodha ya kauli 29. Mtu hujibu kila kauli kwa namba, tangu 1, yaani "si mimi kabisa", hata 5, yaani "ndivyo nilivyo". Kauli 9 zahusu kupiga, 5 zahusu ukali wa ulimi, 7 hasira ya moyoni, na 8 kinyongo na kuwadhania watu ubaya.

Faida yake ni kutenganisha. Wawili waweza kupata jumla moja, kumbe mmoja hupiga, na mwenziwe hajainua mkono ila ana kinyongo. Wa kwanza yafaa alindwe asidhuru watu. Wa pili atafutiwe wa kuzungumza naye.

Tena, aliyekosa ghafula kile alichokizoea huumwa viungo, hutoka jasho, hakosi kukesha. Hapo hata mpole huwa mwepesi wa hasira. Kwa hiyo yafaa apimwe zaidi ya mara moja, mwanzo wa matibabu na baada ya majuma kadhaa. Dawa ya methadoni, inayotuliza hali hiyo, hunywewa kila siku mbele ya mwuguzi. Muhimbili, Dar es Salaam, walianza mwaka 2011. Butabika, Kampala, mwaka 2020.

Lakini kipimo kina mipaka. Kilitungwa kwa Kiingereza. Hakina budi kufasiriwa vema kwa Kiswahili na Kinande, kisha kujaribiwa kwa watu wetu. Mwenye kujibu aweza kuficha. Tena, tangu Oktoba 2014 watu wa Beni wameona mauaji mengi. Aliyewazika ndugu zake aweza kuwa na uchungu ambao haukuletwa na afyuni. Namba peke yake haisemi hayo.

Enyi wazazi, msimhukumu mtoto kwa siku yake mbaya. Mwelezeni mganga ukweli: alimpiga nani, lini, na baada ya kukosa nini. Kipimo si cha kumfukuza mgonjwa, bali cha kumjua, apate kutibiwa.